Salamu za baraka baina ya Wakristo: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Jumapili asubuhi, ibada inapokwisha katika kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, mama aliyejitanda khanga humwambia mwenzake mlangoni, "Bwana Yesu asifiwe," akaitikiwa, "Amina." Hatua chache mbele humkuta mzee Mwislamu ameketi barazani, akamwambia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" Wengi hudhani kwamba ya kwanza ni salamu ya baraka iliyotoka katika Biblia neno kwa neno, na ya pili haihusiani na dini.

Ukweli ni kwamba "Bwana Yesu asifiwe," sawa na "Tumsifu Yesu Kristo" ya Wakatoliki wa Minara Miwili, kanisa lao kuu mjini Unguja, ni sifa: maneno yake yanamwelekea Mungu, wala hayamtakii jirani lolote. Salamu ya baraka humwelekea mtu na kumwombea heri.

Dhana nyingine, iliyokita mizizi zaidi, ni kwamba kubariki kwa salamu ni kazi ya padri peke yake. Katika kitabu cha Ruthu, sura ya 2, Boazi, ambaye ni mkulima tu, anafika kutoka Bethlehemu wakati wa mavuno ya shayiri na kuwaambia wavunaji, "Bwana akae nanyi," nao vibarua wale wanamrudishia baraka bosi wao: "Bwana akubariki." Kwa hiyo "Bwana awe nanyi" inayosikika leo madhabahuni ilikwishasemwa kondeni, katikati ya jasho na miganda.

Wapo pia wanaoona kwamba "Shalom" ni ya Kikristo ilhali "salamu" ni ya Waislamu. Neno la kwanza ni la Kiebrania, na "salaam" ya Kiarabu, iliyotupatia salamu na salama, inatoka katika mzizi uleule. Malaika anapomwendea Mariamu katika Luka 1:28, Biblia ya Kiswahili inaanza na neno hilohilo: "Salamu." (Ajabu ni kuwa anayelikwepa neno hilo mtaani hulisoma kanisani bila shida.)

Dhana ya mwisho hushikilia Luka 10:4, pale wanafunzi wanapoambiwa wasimwamkie mtu njiani, ikawa kisingizio cha kuwapita majirani kimya. Agizo lile lilihusu haraka ya safari, na mstari unaofuata unawataka waseme "Amani iwemo nyumbani humu" kabla hawajajua mwenyeji ni nani. Mathayo 5:47 inauliza waziwazi kuna ziada gani kuwaamkia ndugu zenu tu, kwa kitenzi kilekile ambacho watoto wa Unguja na Pemba huambiwa kila asubuhi: nenda kamwamkie babu. Na kama nyumba ile haina mtu wa amani, Luka anasema, amani hiyo itamrudia aliyeitoa.