Kuonyesha mubashara nako ni kuhariri

Tangu ugonjwa wa mpox uthibitishwe hapa Kenya mwisho wa Julai 2024, kule mpakani Taveta, maneno ya wakati wa korona, mwaka 2020, yamerudi yale yale: "Nyinyi watu wa televisheni mnapika habari. Si mmuonyeshe tu waziri mubashara, mwanzo hadi mwisho, watu wajisikilizie wenyewe?" Nimeambiwa hivyo barazani, nimeambiwa na wajomba zangu harusini, na juzi nimeambiwa na kijana anayesomea uandishi wa habari. Huyu wa mwisho ndiye aliyenifanya niandike, kwa sababu kesho ndiye atakayekaa kwenye kiti changu.

Mimi ni mhariri wa habari za televisheni hapa Mombasa. Wakati wa korona nilikuwa nakaa mbele ya picha inayoingia kutoka Nairobi, naamua nini kiandikwe chini ya skrini, turudi studio saa ngapi, na kipi kibaki hadi taarifa ya saa moja. Hakuna mubashara isiyohaririwa. Kamera imewekwa mahali na mtu. Maandishi yamechaguliwa na mtu. Hata kumuacha waziri aseme nusu saa nzima ni uamuzi wa mtu.

Chukua hayo maandishi ya chini. Mutahi Kagwe, waziri wa afya wa wakati ule, au wasaidizi wake Dkt. Rashid Aman na Dkt. Mercy Mwangangi, walikuwa wakisoma taarifa ndefu: sampuli zilizopimwa katika saa 24, waliopatikana na virusi, jumla tangu mwanzo, mgawanyo wa kaunti, kisha kaunti ndogo, Mvita wangapi, Nyali wangapi, Kisauni, Likoni, Jomvu, Changamwe, halafu waliopona na waliofariki. Chini ya skrini panaenea maneno saba, manane ukibana. Ukiandika visa vipya peke yake, tangazo zima limegeuka namba moja. Na nyumba nyingi zilikuwa zikitazama hivyo hivyo: sauti imepunguzwa, watoto wanacheza, mtu anatoka jikoni, anatupa jicho, anarudi na ile namba.

Sasa, namba ya visa vipya bila idadi ya sampuli haimwambii mtu lolote. Tuseme Jumatatu wamepimwa watu 1,000, wakapatikana 50 na virusi. Jumanne wamepimwa 3,000, wakapatikana 90. Skrini itasema visa vimepanda, na mtangazaji ataishusha sauti kama anayesoma tanzia. Lakini Jumatatu ilikuwa asilimia 5, Jumanne asilimia 3. Idadi ya sampuli ilisomwa na waziri, tena mara nyingi kabla ya idadi ya visa. Sisi ndio tulioiacha njiani, kila stesheni, jioni baada ya jioni.

Kisha hizo saa 24. Hizi ni saa za maabara, si saa za ugonjwa. Mtu anaambukizwa, anakaa siku kadhaa, pengine hata 14, kabla ya dalili. Halafu apimwe. Halafu sampuli isafirishwe. Za huku Pwani zilikuwa zikipelekwa maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kilifi. Halafu majibu yaingie kwenye hesabu ya taifa. Kwa hiyo mtangazaji anayesema "watu 90 wameambukizwa leo" amesema jambo ambalo halikutangazwa na yeyote. Tangazo la leo linazungumzia maambukizi ya wiki iliyopita au zaidi. Nimebishana juu ya hili na watu wenye akili timamu mpaka koo likakauka, na bado nasikia "leo, leo, leo" hewani.

Wengine huniambia basi tuonyeshe asilimia, mambo yaishe. Hayaishi. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba asilimia ya wanaopatikana na virusi ikibaki chini ya 5 kwa wiki mbili, hiyo ni dalili mojawapo kwamba mlipuko umedhibitiwa. Kipimo hicho kinategemea upimaji mpana. Ukipima zaidi waliokaribiana na wagonjwa, asilimia inapanda. Ukiongeza watu wasio na dalili wala historia yoyote, inashuka, na virusi mtaani ni vile vile. Kusema kweli, kuna jioni nilizotazama asilimia na idadi zikiwa pamoja kwenye skrini nikashindwa kuamua ipi itampotosha mtazamaji kwa kiasi kidogo kuliko nyingine.

Linaloniudhi kuliko yote haya ni picha. Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ilitangaza kufunga Mji wa Kale hapa Mombasa na Eastleigh kule Nairobi, hakuna kuingia wala kutoka kwa siku 15. Marufuku yakaongezwa, yakadumu hadi Juni. Tangazo lenyewe lilikuwa la maneno na namba. Picha tulizitia sisi. Na picha gani? Zile za maktaba: uchochoro wa Kibokoni, mlango wa nakshi, akina mama wa mabuibui wanapita na vikapu, mzee wa kanzu na kofia. Watu wamepigwa picha siku nyingine kabisa, pengine wanatoka sokoni, wamewekwa chini ya sauti inayohesabu wagonjwa. Anayetazama Eldoret au Nyeri anafundishwa ugonjwa una sura gani, unavaa nini, unasali wapi. Waziri hakusema hivyo. Hakuna aliyesema hivyo. Lakini ndivyo ilivyofika.

Wakubwa zetu Mji wa Kale waliiona mapema kuliko sisi wa chumba cha habari. Bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, na mitaa mingine wagonjwa wao hawana picha?" Ukimpelekea mtu kama huyu wapimaji mlangoni baada ya mwezi mzima wa picha hizo, usishangae akifunga mlango. Watu wakalaumu dini, wakalaumu ujinga. Mimi nalaumu pia maktaba ya picha.

Mubashara kamili ingesaidia hapo? Angalia Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Hotuba ya Rais iliyotangaza kafyu hiyo ilionyeshwa nzima, nchi nzima. Mkazi wa Likoni anayefanya kazi kisiwani alihitaji jambo moja: feri zitabeba watu vipi, kwa nafasi ile ya mita moja na kitu, hadi saa ngapi. Hilo halimo katika hotuba ya taifa. Umati ukakusanyika kivukoni, na kabla hata ya saa moja kufika polisi wakawa wanapiga watu na kurusha vitoa machozi. Hotuba nzima, bila mtu wa kuitafsiri kwa maisha ya Likoni, haikumvusha mtu. Kazi ya mhariri ni hiyo.

Miongozo ya mawasiliano ya dharura, ile ya CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, kwa mfano, inafundisha uwe wa kwanza, uwe sahihi, uaminike. Imeandikwa kana kwamba hayo matatu hutembea pamoja. Kwenye meza yangu "wa kwanza" alikuwa akimkanyaga "sahihi" kila siku, kwa sababu namba ilikuwa tayari kwenye simu za watu kabla hatujajua imetoka kwa sampuli ngapi. Sijapata dawa yake. Nikisubiri dakika kumi ili niandike vizuri, mtazamaji ameshaipata vibaya kwingine.

Halafu maswali. Waziri akimaliza kusoma, stesheni nyingi zilikuwa zinarudi studio pale pale wanahabari wanapoanza kuuliza. Ndipo ungesikia sampuli zimetoka wapi, vitanda vya wagonjwa mahututi vimebaki vingapi, madereva wa malori wa bandarini wanahesabiwa kaunti gani. Yule kijana anayetaka mubashara mwanzo hadi mwisho angedai kipande hiki, ningemuunga mkono kwa mikono miwili. Tarakimu zingeweza kusomwa na mtangazaji kwa dakika moja, sampuli kwanza, visa baadaye, na muda wote uliobaki ukapewa maswali, yakiwemo yaliyotumwa kutoka Mombasa.