Faini au kifungo: hukumu moja, adhabu mbili

"Utalipa faini ya shilingi 10,000, na ukishindwa utatumikia kifungo cha miezi mitatu." Hukumu ya namna hii ni jambo la kila siku katika mahakama za mahakimu nchini Kenya. Wengi hudhani mshtakiwa anapewa nafasi ya kuchagua. Sivyo. Adhabu aliyopewa ni faini, na jela inakuja kwa sababu ya kutolipa. Kwa hiyo kinachoamua alale wapi usiku huo ni mfuko wake.

Chukua wanawake wawili walionaswa katika msako mmoja wa chang'aa, wote wakakiri kosa, wote wakatozwa 10,000. Hukumu imesomwa saa nne asubuhi. Kuanzia hapo ni mbio za simu: huyu ana shemeji mwenye duka, yule ana watoto tu nyumbani. Jamaa wa wa kwanza wanachanga, wanatuma kwa simu, risiti inafikishwa seli na mlango unafunguliwa. Wa pili anangojea gari la magereza jioni. Kosa ni lile lile na hakimu ni yule yule, wala hakuna aliyependelewa. Ndiyo maana ubaguzi wa aina hii ni mgumu kuushika: faili zote mbili zinasomeka sawasawa.

Tatizo halikomei hapo. Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kina jedwali la ukomo wa kifungo kwa asiyelipa, pale ambapo sheria haikuelekeza vingine. Faini isiyozidi shilingi 500 ni siku 14. Hadi 2,500, mwezi mmoja. Hadi 15,000, miezi mitatu. Hadi 50,000, miezi sita. Ikizidi hapo, hata ikifika mamilioni, ni miezi 12.

Sasa piga hesabu. Aliyeshindwa kulipa 500 akakaa siku zote 14, kila siku yake imefuta takriban shilingi 36 za faini. Wa 15,000 anafuta kama 167 kwa siku. Aliyetozwa milioni tano akafungwa mwaka mzima anafuta zaidi ya 13,000 kila siku. Yaani kadiri deni lilivyo dogo, ndivyo siku ya mtu ilivyothaminiwa kwa bei ya chini, na wanaoshindwa na faini ndogo ni wale wale wasio na kitu. Sidhani kuna aliyekaa akapanga iwe hivyo, lakini jedwali ndivyo linavyosema.

Ufini walilishughulikia jambo hili tangu 1921. Huko uzito wa kosa huamua idadi ya siku za faini, kisha kila siku hupewa thamani kutokana na kipato cha mkosaji, na faini ni siku hizo mara thamani hiyo. Mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa Nokia alitozwa euro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kasi mjini Helsinki. Dunia ilicheka, na baadaye kiasi kilipunguzwa. Mfumo kama huo unahitaji serikali ijue kipato cha kila mtu, jambo gumu kwa muuza mboga wa kando ya barabara ambaye leo kapata 300 na kesho hakupata kitu.

Kenya nako mwongozo wa utoaji adhabu unamtaka hakimu azingatie uwezo wa mshtakiwa kabla ya kutaja kiasi. Aliyelipa sehemu ya faini hupunguziwa kifungo kwa uwiano huo, jambo ambalo familia nyingi hazilijui, zikabaki zinasubiri hadi pesa zote zitimie. Tena ipo sheria ya huduma kwa jamii ya 1998, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu: mkosaji anafagia soko au kupanda miti, jioni anarudi kwake. Ila hakimu huhitaji kwanza ripoti ya afisa wa probesheni kuhusu hali ya mkosaji, na kuiandaa huchukua muda. Faini inatamkwa kwa nusu dakika.