Je, wajua? Darubini ya kutazamia ndege yaweza kukuonyesha pete za Zohali

Darubini ya bomba moja, ile ambayo waongoza watalii huifunga kwenye stendi ya miguu mitatu wamtafute chui mtini au wahesabu korongo ziwani, haikutengenezwa kwa ajili ya anga. Lakini ikiwa nzuri, na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 80 hivi, inaona sayari vizuri kuliko wengi wanavyodhani.

Tuanze na hesabu ndogo. Mshtarii inapokuwa karibu nasi, upana wa Mwezi angani ni kama mara 40 ya upana wake. Kwa hiyo ukiikuza mara 40, Mshtarii inalingana na Mwezi unaouona kwa macho matupu. Darubini nyingi za ndege hukuza kuanzia mara 20 hadi 60, maana yake ukifika mwisho Mshtarii inauzidi Mwezi kwa ukubwa. Ukichungulia hutaamini, kwa sababu mle ndani hakuna mnazi wala paa la nyumba la kulinganishia.

Galileo Galilei, tarehe 7 Januari 1610, alikuwa na chombo kilichokuza mara 20 hivi, chenye lenzi duni na uwanja mwembamba mno. Kwa chombo hicho aliona vinukta vitatu vimejipanga kando ya Mshtarii, na siku chache baadaye akaona cha nne. Ilikuwa miezi ya sayari hiyo: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Mwaka huohuo akaielekeza darubini kwenye Zohali, sayari ambayo baadhi ya vitabu vya shule viliiita Sarateni, akadhani ni nyota tatu zilizoshikana. Ilibidi dunia isubiri hadi 1659 ndipo Christiaan Huygens achapishe maelezo kwamba ile ni pete. Alichokosa Galileo ni kioo safi, na kioo hicho leo kimo kwenye gari la safari.

Mara yangu ya kwanza kuiona ilikuwa kambini. Kaka yangu ni mwongoza watalii, na wageni walikuwa wamekwenda kulala. Zohali ilikuwa karibu na utosi, na darubini yake ni ya kuchungulia moja kwa moja, kwa hiyo tulipunguza miguu ya stendi hadi chini, tukalala chali kwenye mkeka kwa zamu. Kwa mara 20 niliona kitu kama yai. Alipozungusha hadi mara 60 yai likapasuka: tufe dogo la rangi ya maziwa ya chai, na pete imelizunguka bila kuligusa. Nilishika pumzi, maana kila nilipopumua sayari nzima ilicheza.

Hapo ndipo wengi hukwama, wakaisingizia darubini. Mkuzo wa mara 60 unakuza mtikisiko nao mara 60. Stendi nyepesi ya plastiki itaharibu kazi ya lenzi ya mamilioni. Kaka yangu huning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu, picha ikatulia.

Ubora wa kioo nao una sababu yake. Mwanga mweupe ni rangi nyingi pamoja, na lenzi ya kawaida hupinda kila rangi kwa kiasi chake, zisikutane mahali pamoja. Mchana, ndege akiwa ndani ya majani, kasoro hiyo hujificha. Usiku, Zuhura au Mshtarii iking'aa kwenye weusi mtupu, huonekana imevaa ukungu wa zambarau. Herufi ED kwenye bomba humaanisha kioo kinachotawanya rangi kidogo, na kwenye sayari utaona unalipia nini.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumepewa zawadi ambayo hatuisemi vya kutosha. Sayari hufuata karibu njia ileile ya Jua, na njia hiyo kwetu hupita juu sana. Mwaka 2018 Zohali haikupanda London zaidi ya nyuzi 16 hivi kutoka upeo wa macho, ilhali Dar es Salaam ilifika nyuzi 74. Nuru inayokuja chini namna ile ya London hupenya hewa zaidi ya mara tatu ya ile inayotoka utosini, na hewa ndiyo inayoitetemesha picha. Ndiyo maana kwetu ningependekeza darubini ambayo lenzi yake ya jicho imepinda nyuzi 45. Shingo itakushukuru. Epuka pia kuchungulia juu ya mapaa ya mabati yaliyoshinda juani, maana joto lake hupanda jioni nzima, na iache darubini nje nusu saa ipoe.

Yapo ambayo hutayaona. Mirihi itabaki kitufe chekundu, na mistari ya mawingu ya Mshtarii itakuwa miwili basi. Darubini za nyota hubadilishwa lenzi ya jicho ili zikuze zaidi, bali nyingi za ndege hukomea mara 60, na prizimu zinazosimamisha picha wima hula ukali kidogo. Zuhura itakuonyesha hilali kama mwezi mchanga, ila ngoja Jua lizame kabisa kwanza: Jua likiingia kwenye lenzi, hata kwa nukta moja, jicho laweza kupofuka.

Ukianza, anza na Mshtarii. Itakuwa ikiteleza kutoka katikati hadi ukingoni kwa dakika mbili hivi, kwa sababu dunia inazunguka, basi isukume darubini polepole uifuate. Saa mbili usiku chora duara kwenye daftari na vinukta vya miezi yake jinsi vilivyokaa. Saa tano rudi uchore tena. Io, ambayo huizunguka sayari yake kwa saa 42 na nusu, mara nyingi itakuwa imehama, na utaona kwa mchoro wako mwenyewe kile kilichomkesha Galileo.