2,147,483,647 ni namba tasa, ila tunajuaje?

Namba tasa tulifundishwa shule ya msingi, ni namba inayozidi 1 ambayo inagawanyika bila baki kwa 1 na kwa yenyewe tu, basi. Zile 7, 13, 29 unapiga kichwani unamaliza. Sasa hii ya bilioni mbili na ushee, utajuaje hakuna kigawo kimejificha humo ndani?

Siri iko kwenye umbo lake. Anza na 1, zidisha kwa 2, zidisha tena kwa 2, endelea hivyo mpaka zitimie mara 31, ukifika hapo toa 1, unaipata hiyo hiyo. Namba za umbo hili zinaitwa za Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyetoa orodha yake mwaka 1644. Ili iwe tasa lazima kile kipeo (hapa ni 31) nacho kiwe tasa, lakini hiyo peke yake haitoshi, watu wengi wanakosea hapa. 11 ni tasa ila ukifanya hivyo mara 11 unapata 2,047 ambayo ni 23 × 89. Kwa hiyo lazima mtu akae chini ahakikishe.

Aliyehakikisha ni mwanahisabati Euler, mwaka 1772, akiwa Saint Petersburg, Urusi, na macho karibu hayaoni kabisa. Mimi hili linanigusa kila nikilifikiria. Njia ya kawaida ni kugawanya kwa kila namba tasa mpaka ufike kipeuo cha pili, yaani kama 46,340 hivi, na humo kuna namba tasa karibu 4,800, kwa mkono utazeeka. Yeye alijua kwamba kigawo tasa cha namba hii, kama kipo, ukikigawanya kwa 248 lazima kibaki 1 au 63. Za namna hiyo mpaka 46,340 hazifiki hata 400, halafu ambazo zenyewe si tasa unaziruka. Akajaribu zilizobaki, hakuna iliyogawanya.

Umbo hilohilo ndo limeiingiza kwenye kompyuta. Ukiiandika kwa 0 na 1 inakuwa 1 tupu, 31 zimepangana, hakuna 0 hata moja. Kompyuta ikitunza namba kwenye biti 32 (biti ni nafasi moja ya 0 au 1), biti moja inaenda kwenye alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, kwa hiyo hii ndo kubwa kuliko zote inayoweza kukaa humo. Mifumo mingi ya zamani inahesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti hizo 32, na sekunde ya 2,147,483,647 itafika tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu Afrika Mashariki ni saa 12 na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujahamishiwa biti 64 utarudi hasi na kusoma Desemba 1901.