"Fundi, nitolee upepo tu": dhana potofu kuhusu breki laini za pikapu

Wateja wangu wengi hapa Moshi hawaniletei ugonjwa, wananiletea dawa tayari. Mtu anashuka kwenye Hilux, injini bado inaunguruma, keshaagiza: "Fundi, breki imelainika, nitolee upepo fasta, nawahi Himo." Ukimuuliza pedali inafanyaje hasa, anakuona unatafuta pa kuongezea bili.

Upepo upo, sikatai. Hewa inabonyea, mafuta ya breki hayabonyei, kwa hiyo hewa ikikaa kwenye paipu, mguu wako unaibana hiyo kwanza kabla breki hazijashika. Lakini mfumo wa breki umefungwa, na hewa haizaliwi humo ndani. Kuna mtu alifungua paipu akabadilisha kitu, au mafuta yalishuka kwenye kikopo mpaka masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, ikanyonya hewa, au kuna raba iliyochoka. Kama hakuna aliyegusa kitu na mafuta hayajapungua, upepo umepitia wapi? Ukilipia kutolewa upepo kabla swali hilo halijajibiwa, wiki ijayo utakuwa kwa fundi mwingine unamsimulia kwamba mimi sijui kazi.

Ndiyo maana kabla ya kushika spana nakaa kwanza kwenye kiti cha dereva. Injini imezimwa, nakanyaga mara kadhaa kumaliza nguvu ya busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, halafu nakanyaga na kushikilia. Pedali ikizama taratibu kuelekea sakafuni na chini ya gari ni pakavu, mara nyingi raba za ndani ya masta silinda zinapitisha mafuta. Hapo toa upepo mpaka jua lizame, hutapata kitu. Ikienda mbali lakini inapoishia ni pagumu, na ukipampu mara mbili inapanda juu, nashuku viatu vya nyuma, vile vinavyotanuka kubana dramu ya gurudumu. Ikiwa laini kama sponji, huoni inapoishia, sasa ndiyo tuzungumze habari za upepo, au mpira wa breki (hosi ya kupitisha mafuta) uliozeeka ambao unavimba kila unapokanyaga.

Hivyo viatu vya nyuma ndivyo vinavyonichosha. Pikapu nyingi zina diski mbele na dramu nyuma. Lining, yaani tabaka la kiatu linalosugua dramu, ikilika, kiatu kinakaa mbali na dramu, na pistoni ndogo ya gurudumu lazima isafiri umbali wote huo kabla ya kugusa. Kuna kinyota cha kukazia ambacho kinatakiwa kujirekebisha chenyewe, lakini kwa vumbi letu na matope ya mashambani kinashika kutu na kuganda. Nainua gari, nafungua dramu, nasafisha, natia grisi kidogo kwenye nyuzi za kinyota, narudisha, kisha nakaza mpaka kiatu kianze kukwaruza na kulegeza kidogo hadi gurudumu lizunguke huru kwa mkono. Pedali inapanda bila kumwaga tone la mafuta. Na bado mteja ananiuliza, "Sasa upepo umetoa saa ngapi?"

Hata upepo ukiwa kweli upo, wengi wanautoa nusu. Hilux nyingi zina valvu ya mzigo, inayopimia breki za nyuma presha kulingana na mzigo, karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono mrefu unaoshikana na ekseli. Mara nyingi ina nipeli yake, yaani skrubu ya kutolea upepo, na fundi wa haraka haraka huzunguka magurudumu manne akaiacha. Mimi naanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, ambalo kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni kushoto nyuma, nasogea kuja karibu, valvu namalizia. Na kijana anayekanyaga namwekea kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni. Kwenye masta ya zamani, kule mwisho wa silinda ambako raba haifiki kila siku kuna uchafu na kutu. Ukiisukuma huko inachanika, na umetengeneza ubovu wa pili.

Tukiwa kwenye valvu hiyohiyo: mangi anayeongeza majani ya springi ili abebe ndizi nyingi kutoka Kibosho ajue kwamba nyuma ikinyanyuka, valvu inadhani gari halina mzigo na inapunguza presha ya breki za nyuma. Za mbele zinabeba kazi yote. Ukiongeza majani, mkono wa valvu urekebishwe siku hiyohiyo.

Maneno mengine ya wateja nayapitia haraka.

"Nikiwasha gari pedali inashuka kidogo." Vizuri, busta inafanya kazi. Uje kwangu isiposhuka.

"Nikiteremka kutoka Marangu inalegea, nikipumzika inarudi, basi si ubovu." Ni ubovu, tena wa hatari. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu. DOT 3, aina moja ya mafuta hayo, ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi joto 205, lakini ikishaingiwa na maji kipimo chake cha chini kinashuka hadi 140. Ukikanyaga breki mfululizo mteremko mzima, mafuta yanachemka na mvuke unabonyea sawa na hewa. Ukifika kwa fundi yameshapoa, haonekani mgonjwa. Badilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili, hata kama kikopo kimejaa, na teremka kwa gia nzito, yaani namba za chini. Wale wa Arusha wanaoshuka kutoka Rhotia kwenda Mto wa Mbu na mzigo, hili linawahusu pia.

"Mafuta ni mafuta." La hasha. Oili ya injini au ya stelingi inavimbisha raba za breki. Ukishatia, hesabu masta, silinda za magurudumu, raba za kalipa (zinazobana pedi kwenye diski) na mipira yote, vyote vinabadilishwa. DOT 4 inakubali pale palipokuwa na DOT 3. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye, na usiifananishe na DOT 5.1.

"Mafuta yanapungua lakini hakuna panapovuja." Huenda ni pedi zinalika, hilo ni kawaida. Kama pedi ni mpya, legeza masta kwenye busta uchungulie nyuma yake. Rangi iliyobabuka au unyevu pale maana yake masta inavujia ndani ya busta.

"Lining iliyolowa mafuta tunaichoma kwa petroli." Huko ni kujidanganya. Tupa, nunua mpya za pande zote mbili, na ubadilishe silinda iliyovuja kabla hujazifunga.

Pikapu mpya zenye ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukifunga breki ghafla, zina lao. Hewa ikiingia kwenye bloku ya ABS, spana na kijana wa kukanyaga huenda visitoshe, panahitajika mashine ya kufungua valvu za ndani. Mimi sina hiyo mashine. Nakuelekeza kwa mwenye nayo, na gari litaenda kwa kubebwa.