Kusikiliza Kichina: Dhana Potofu Zinazomchelewesha Mwanafunzi wa Uganda

Miongoni mwa wanaojifunza Kichina hapa Uganda, iwe katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Makerere au nyumbani kwa kutumia simu, wapo wanaoamini kwamba sikio letu haliwezi kuzizoea toni, yaani miinuko na mishuko ya sauti inayobadilisha maana ya neno. Dhana hiyo inavunja moyo bure. Ni kweli kwamba Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni, lakini lugha za Kiganda, Kiacholi na Kilugbara hufanya hivyo, na aliyelelewa nazo amekuwa akipambanua maana kwa njia hiyo tangu utotoni. Kilicho kigeni kwake ni umbo la toni zenyewe, kwa kuwa Kimandarini, yaani Kichina sanifu, chenye toni 4 pamoja na ile hafifu, huzingatia jinsi sauti inavyopanda au kushuka ndani ya silabi moja: mǎi, ambayo sauti yake huzama chini (toni ya 3), ni kununua, ilhali mài, inayoporomoka kutoka juu (toni ya 4), ni kuuza.

Wengine hudhani kwamba ukishakariri toni ya kila neno, utaisikia vivyo hivyo katika mazungumzo. Sivyo, kwani toni hubadilishana sura zinapokutana. Salamu nǐ hǎo huandikwa kwa toni ya 3 mara mbili, lakini silabi ya kwanza hutamkwa kwa toni ya 2, ile inayopanda. Nalo neno la kukanusha, bù, huwa bú mbele ya toni ya 4, kama katika bú shì (si). Afadhali kujifunza vifungu vizima.

Dhana ninayoiona kuwa na hasara kubwa zaidi ni kwamba sauti ya mwalimu mmoja, au ya rekodi safi ya darasani, inatosha. Mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa biashara jijini Kampala, anayesafiri hadi Guangzhou, kusini mwa China, kununua bidhaa atakutana na wauzaji wengi wa kusini ambao hutamka sh kama s. Kwa kawaida 10 ni shí na 4 ni sì, hivyo 14 ni shísì na 40 ni sìshí. Konsonanti zikishafanana, kinachobaki kutenganisha bei hizo mbili ni mpangilio wa toni peke yake. Sikio lililozoezwa kwa sauti za wazee, vijana, wanawake na wanaume wa mikoa mbalimbali haliyumbi kirahisi mbele ya mgeni.

Kuacha redio ya Kichina ikiunguruma siku nzima huku ukipika hakutoshi pia. Chagua mazungumzo ya dakika moja, yasikilize mara tatu bila maandishi, andika ulichokipata, kisha fungua maandishi utafute mahali sikio liliposhindwa. Hapo jiulize kwa makini: je, neno lile hukulijua, au ulilijua lakini hukulitambua? La kwanza huhitaji msamiati. La pili huhitaji kulirudia na kulitamka pamoja na msemaji hadi likae sikioni.

Kuhusu filamu zenye maandishi chini ya picha, anayedhani anasikiliza mara nyingi anasoma. Silabi shì pekee, kwa toni ya 4, huandikwa 是 (ni), 事 (jambo), 市 (mji) au 试 (kujaribu), miongoni mwa herufi nyingine nyingi. Jicho huzitofautisha papo hapo, ilhali sikio hutegemea maneno ya jirani.