Taishokoto inayolia "zzz": tatizo liko wapi

Aliyekulia kwenye taarab ya Mombasa anaujua mlio huu hata kama hajawahi kuiona ala yenyewe: mkali, wa kibatibati, unamfuata mwimbaji kama kivuli. Kwenye nyimbo za Zuhura Swaleh umejaa tele. Wajapani huiita taishōgoto, yaani koto ya enzi ya Taishō. Goro Morita aliibuni Nagoya mwaka 1912, enzi hiyo ilipoanza, akiwa amevutiwa na vitufe vya taipureta. Jina la koto lisikudanganye. Koto yenyewe ni ubao wa karibu mita mbili wenye nyuzi 13, na haina kitufe hata kimoja.

Ndani ya taishokoto mambo ni mepesi. Ukibonyeza kitufe, kipande cha chuma kilicho chini yake hushuka na kuzibana nyuzi zote za wimbo kwa pamoja juu ya freti, ule mstari wa chuma ulio ubaoni. Vitufe vimeandikwa namba: 1 ni do, 2 ni re, na kuendelea. Nukta chini ya namba ni oktava ya chini, nukta juu ni ya juu. Nyuzi zikipigwa wazi, bila kitufe, hutoa sol ya chini.

Sasa ile "zzz". Mara nyingi ala haina kosa, kosa ni la kidole. Kitufe kisiposhuka mpaka mwisho, uzi hugusa freti bila kukaa, ukatetemeka juu yake. Bonyeza kwanza, ndipo mkono wa kulia upige, tena kidole kisiachie mpaka noti inayofuata iwe tayari. Ukiachia mapema, utasikia sol ya wazi ikichungulia katikati ya wimbo, na hiyo ndiyo aibu ya kila anayeanza. Ila usikandamize kama unayefunga sanduku: uzi ukivutwa sana noti hupanda, na wenzako wa fidla watakukazia macho.

Kama "zzz" inatoka kwenye kitufe kimoja tu, kifungue ukitazame: vumbi, kutu, au springi iliyolegea. Ikitoka kwenye vyote, kagua nyuzi. Pwani chumvi ya hewani hula chuma upesi. Uzi wenye madoa ya kutu haushiki sauti, na kuusugua hakusaidii. Badilisha seti nzima, kwa sababu uzi mpya mmoja kati ya nyuzi kongwe hulia peke yake.

Kutyuni: anza na uzi mmoja kwa programu ya simu, ukipanda kutoka chini. Ukizidisha, shuka uipite noti kisha upande tena, la sivyo uzi utalegea baada ya mapigo machache. Nyuzi nyingine za oktava hiyo hiyo zifuatishe kwa sikio: piga mbili pamoja, utasikia sauti ikivimba na kunywea, wau-wau-wau. Kadiri zinavyokaribiana mawimbi hupungua mwendo. Yakikoma, zimekutana.

Halafu lipime daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi, hatua inayorukwa na wengi. Piga uzi wazi, kisha ubonyeze kitufe cha oktava yake, kwani freti yake hukaa nusu ya urefu wa uzi. Uzi wa sentimita 50 una freti ya kwanza kwenye sentimita 2.8, ya oktava kwenye 25, na inayofuata hiyo ni sentimita 1.4 tu mbele, kwa hiyo huko juu kosa dogo husikika kubwa. Oktava ikiwa juu mno, sogeza daraja mbali na freti. Ikiwa chini, lisogeze karibu. Milimita moja moja, na tyuni upya kila mara.

Mkono wa kulia uguse nyuzi kwa ncha tu ya risha, kile kipande cha kupigia nyuzi. Ukiizamisha, hunasa na mlio hukatika. Noti ndefu ipigwe kwa kwenda na kurudi haraka, maana sauti ya ala hii hufa upesi.

Kuna jambo moja ambalo matengenezo hayatalitibu. Freti zimegawa oktava katika nusu toni 12 zilizo sawa, kwa hiyo zile robo toni za bayati, moja ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, hazimo. Udi na fidla huziteleza bila shida. Mpiga taishokoto hana la kufanya ila kuipita noti hiyo kwa haraka, au kuwaachia udi na fidla.